Mabingwa wa Katoni Moja

Jumatatu, 4 Mei 1998

Pius amekuja saa kumi na fomu ya chuo. Pius ni kijana wetu wa Bukoba, yuko mwaka wa nne wa udaktari hapa hapa Guangzhou, na Kichina anakisoma kama mimi ninavyosoma bei. Amekunywa chai vikombe vitatu. Kisha ametueleza jambo lililoniharibia siku.

Fomu ina kurasa nne. Wa kwanza jina na pasi. Wa pili alama. Hapo sina wasiwasi. Mwanangu Fathiya amesoma Kichina mwaka mzima na amepata themanini na saba. Alizaliwa kilo nne na nusu, na tangu siku ile hajapata kitu kidogo.

Tatizo ni ukurasa wa tatu. Shughuli nje ya masomo. Mistari minane. Fathiya ameiacha yote mitupu, myeupe kama shuka.

Pius anasema Waafrika walioomba udaktari ni tisa na nafasi zao mwaka huu ni mbili. Alama zimekaribiana. Kwa hiyo kamati ya walimu inafungua ukurasa wa tatu inatazama. Mtoto anacheza nini, anaongoza nini, anajitolea wapi, ameshinda nini. Nikamuuliza mtu anayetaka kupasua matumbo, kucheza kunamhusu nini. Akasema wanataka kujua ni mtu wa namna gani. Nikamwambia namna gani naijua mimi, nimemzaa. Pius akasema hilo kwenye fomu halina mstari.

Mambo yenyewe ni haya. Viza ya Fathiya inakwisha tarehe thelathini Juni. Asipopata chuo anarudi Unguja, na baba yake mdogo ameshasema kiti chake dukani Darajani kiko tayari. Sikutembea miaka miwili masoko ya Yide Lu na Shahe, jua na mvua, ili mtoto akauze vibanio vya nywele. Koti jeupe la udaktari nimeshamnunulia. Sita, kwa sababu hawakuuza pungufu.

Tukiwa kwenye lifti ya hoteli tunamokaa, Mama Geofrey akaniambia, bila kuulizwa, kwamba mwanawe amejaza mistari yote minane na kubandika karatasi ya ziada. Huyu mama jina lake Kalista, mtu wa Moshi, ananunua nguo za watoto Shahe, na chumba chake kinatazamana na changu. Geofrey anapiga kinanda. Anaogelea. Ni katibu wa kwaya. Anaomba chuo hicho hicho.

Nikampongeza. Lifti ilikuwa ndefu sana leo.


Jumanne, 5 Mei

Nimepata dawa.

Yide Lu, duka la vitu vya kuchezea, nimeona kinanda cha betri. Unabonyeza kitufe chekundu, kinapiga wimbo wa harusi chenyewe mwanzo hadi mwisho. Mtu anaweka vidole juu tu. Nikakinunua.

Nimemwambia Fathiya aweke vidole na atikise mabega kidogo. Amekataa. Anasema kesho ana mtihani wa kuandika. Nikamwambia mabega hayahitaji kusomewa. Akachukua kitabu akaenda kusomea kwenye ngazi.

Nikakipiga mwenyewe kusudi sauti ipenye ukutani. Haikupita dakika Mama Geofrey akabisha mlango. Nani anapiga? Nikamwambia Fathiya. Akataka kumwona. Nikamwambia amechoka, amelala. Hapo kinanda kikaanza tena wimbo ule ule nyuma yangu, maana kile kitufe kinanasa.

Mama Geofrey akasema mtoto ana bidii, anapiga hata akilala.

Nimekitia kwenye kasha la mzigo wa nyumbani. Kitauzika Unguja.


Alhamisi, 7 Mei

Leo nimeanzisha umoja. Umoja wa Vijana wa Afrika Mashariki Wapenda Afya. Mwenyekiti Fathiya. Mweka hazina mimi, kwa muda. Nimeishia darasa la saba lakini katiba nimeiandika mwenyewe, nusu ukurasa, na haina kosa hata moja.

Saini nimepata kumi na moja kwenye mgahawa wa chini. Wengine walidhani ni orodha ya watu wa kuchangia kontena. Sikuwakatalia.

Mkutano wa kwanza ulikuwa saa kumi na moja chumbani kwangu, na sambusa. Alikuja Pius peke yake. Akauliza mwenyekiti yuko wapi. Nikamwambia yuko darasani. Akauliza umoja umeshafanya nini mpaka sasa. Sambusa zilikuwa zimebaki nne. Pius akasema kamati itataka kuona kitu cha kushikika.

Hilo neno limeniingia. Kitu cha kushikika. Mimi ni mfanyabiashara, vitu vya kushika navijua.


Jumamosi, 9 Mei

Fathiya angekuwa nami leo mambo yangekwenda haraka, lakini ameniponyoka tena. Kuna Mngazija mmoja tumbo linamsumbua, amemsindikiza hospitali kumfasiria. Kila Jumamosi ana mtu wake. Wiki iliyopita alikuwa mama wa Tanga na presha. Nimemwambia hizi Jumamosi zitampotezea maisha.

Basi nimekwenda Yide Lu peke yangu, mpaka nyuma kwenye maduka ya vikombe vya ushindi. Ukuta mzima dhahabu tupu. Nimechagua kimoja kirefu kama mkono mpaka kwenye kiwiko. Juu yake kuna mwanamume mdogo aliyechuchumaa kidogo, ameshika raketi ya mpira wa meza.

Nikataka kimoja. Laoban, maana wenye maduka wote hapa tunawaita hivyo, akabonyeza kikokotoo chake: ishirini na nne. Katoni. Nikamwonyesha kidole kimoja. Akanionyesha katoni. Nikajaribu kuondoka polepole, ile ya kuitwa. Hakuniita. Nikarudi.

Halafu kibati cha maandishi. Anapiga maneno ya aina moja kwa katoni nzima, hachanganyi. Binti yake anajua Kiingereza kidogo, akanifungulia daftari la mifano. Nikachagua mfano wa saba kwa sababu una maneno mengi kuliko yote kwa bei ile ile. Bingwa wa Kwanza, Mpira wa Meza, Mashindano ya Urafiki wa Kimataifa, Guangzhou 1998. Kichina juu, Kiingereza chini. Nilisubiri saa mbili. Vimetoka vinawaka.

Nikamvizia Fathiya mlangoni mwa hoteli. Nilikuwa nimeshampanga mpiga picha wa barabarani. Alipotokea nikamwambia mwanangu nishikie hiki nifunge kiatu. Akakishika. Picha ikapigwa. Ametazama pembeni, mdomo wazi kidogo, kama bingwa anayeulizwa maswali na waandishi wa habari.

Baadaye ameniuliza kile kilikuwa nini. Nikamwambia sampuli.


Jumapili, 10 Mei

Ukiondoa cha Fathiya, vimebaki vikombe ishirini na vitatu chumbani. Mlango wa choo haufunguki wote. Kuna mali ninayoweza kukaa nayo na kuna mali isiyonipa raha, na hii inanitazama.

Amekuja Loyce wa Dar es Salaam kunisalimia. Loyce akiona kitu kinang'aa hawezi kukaa. Akauliza. Nikamwambia ni vya michezo ya shule, mzigo wa mteja uliozidi. Akasema atavichukua vyote, anavipandisha kwenye kontena lake, shule za Temeke zitavigombania. Nikamwapisha kwamba haviuzwi hapa Guangzhou hata kimoja. Ameapa kwa Biblia, na Biblia alikuwa nayo, alikuwa anatoka kanisani.

Nimemwachia kwa bei ya kununulia na kidogo tu juu. Basi kikombe cha mwanangu nimekipata karibu bure. Wengine wanalipa walimu wa kinanda miaka kumi.


Jumatano, 13 Mei

Pius amekataa kuniandikia ukurasa wa tatu. Nimembembeleza, nimemkaangia samaki, amekataa huku anakula. Anasema kuja China kudai wewe ni bingwa wa mpira wa meza ni kama kwenda Pemba kuwaambia umewaletea karafuu. Nikamwambia ndiyo maana watamheshimu, kawashinda kwao. Pius akaweka mwiba kando ya sahani.

Akamshauri Fathiya aandike mambo yake ya kweli, hata kama ni mstari mmoja. Fathiya akasema hana cha kuandika, yeye anasoma na ananisaidia sokoni tu. Akaiacha mitupu vile vile, akatia saini, akaniachia bahasha niipeleke kwa sababu yeye ana kipindi.

Aliniachia mwenyewe. Naliandika hili lijulikane.

Nikabandika ile picha ukurasa wa tatu. Imefunika mistari mitano. Kikombe nikakizungushia taulo jipya na kukipeleka pamoja na bahasha, maana picha peke yake mtu anaweza kusema umeazima. Karani wa ofisi akakitazama kikombe, akanitazama mimi, akakiweka chini ya meza yake. Hakucheka hata kidogo. Nimempenda, mtu wa kazi. Pale chini paling'aa sana, nikadhani ana ndoo.


Jumapili, 17 Mei

Nimekutana na Mama Geofrey kwenye kufua. Nilitaka kunyamaza, wallahi. Nikajikuta nimemwambia kwamba Fathiya naye ana jambo lake kubwa kwenye michezo, ila sisi si watu wa kutangaza. Akatabasamu. Akasema hata wao Geofrey ana jingine jipya, na wao pia si watu wa kutangaza.

Tukakamua nguo bila kutangaza.


Jumatatu, 25 Mei

Siku ya mahojiano. Saa tatu asubuhi, na saa hiyo hiyo kontena langu linapakiwa bandarini Huangpu. Wakala amepiga simu hotelini mara mbili akitaka nikasimamie. Nimemwambia asimamie yeye. Mara ya kwanza tangu nianze biashara maboksi yangu yanaingia kontena sipo. Mwanangu akiwa daktari nitamwambia.

Ukumbi una ukuta wa kioo upande wa korido. Wazazi na wasindikizaji tunakaa nje kwenye benchi, tunaona, hatusikii. Mama Geofrey alivaa suti ya njano. Geofrey amefunga tai. Ni mtoto mzuri yule, aliniamkia vizuri, akanipisha kwenye benchi.

Nikatazama ndani. Kwenye dirisha la mbele vikombe vitano vimepangwa mstari. Wanaume wadogo watano wamechuchumaa, wote wanatazama upande mmoja.

Mama Geofrey akavitazama. Kisha akanitazama. Nikamwuliza cha kwake amekipata wapi. Akasema Geofrey alishinda. Nikamwambia Fathiya pia alishinda. Akauliza ilikuwa siku gani, mbona hakuniona uwanjani. Nikamwambia nami sikumwona. Tukakaa. Kisha akaniinamia akasema taratibu, "Loyce aliniambia ni kimoja tu mjini."

Nikamwuliza kwa bei gani. Akanitajia. Mara tatu ya bei niliyomwachia Loyce. Kwa kikombe nilichokitoa mimi dukani. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote leo.

Ndani, mkubwa wa kamati ni mama mfupi mwenye mvi, sketi ya kijivu, profesa wa mifupa. Aliwaita mabingwa wote watano kwa pamoja. Akawapeleka mwisho wa ukumbi, kwenye meza ndefu ya kijani ambayo mimi nilidhani ni ya vikao. Akavua saa. Akakunja mikono ya shati.

Akampa Geofrey raketi. Geofrey akaishika kama mwiko. Mpira wa kwanza ulimpita. Wa pili ulimpita. Wa tatu aliupata, ukaenda kwenye kikombe cha chai cha mwalimu wa pili. Akafuata kijana wa Lubumbashi, akapiga ukakwama juu kwenye taa. Wakapiga wawili wengine, sina la kuandika. Profesa hakutoka jasho. Alikuwa anacheza kwa mkono mmoja, mwingine mfukoni.

Ikawa zamu ya Fathiya. Akapewa raketi. Mwanangu akaweka mikono nyuma.

Nikasimama kwenye kioo nikamwonyesha kwa ishara, shika. Hakunitazama. Nikamwonyesha jinsi ya kuchuchumaa, kama yule mtu wa juu ya kikombe. Nikagonga kioo. Mlinzi akaja akanirudisha kwenye benchi kwa adabu.

Fathiya alikuwa anasema. Anasema kwa muda mrefu. Wenzake walimaliza kwa dakika tano, yeye nusu saa nzima. Mara moja profesa alikichukua kikombe, akasoma kibati, akageuka akanitazama kupitia kioo.

Nikampungia mkono.


Jumanne, 26 Mei

Jana Fathiya hakula. Leo asubuhi tulikuwa tunakunja nguo za mzigo, na ndipo alipofungua mdomo. Nimeandika alivyosema, nisije nikasahau.

Profesa alimwuliza mbona hachezi kama wenzake. Mwanangu akamjibu, "Sijawahi kushika raketi. Hiki kikombe alikinunua mama yangu. Hawauzi kimoja, wanauza katoni."

Mbele ya kamati. Kwa Kichina safi, kila mtu akaelewa.

Profesa akamwuliza kama hivyo vingine vinne ni vya katoni hiyo hiyo. Fathiya akasema yeye anaweza kusema habari ya kikombe chake tu. Basi profesa akaweka raketi chini akamwuliza kama si mpira wa meza, ukitoka darasani unafanya nini. Akasema anafua, anabeba mizigo sokoni na mama yake, na Jumamosi anakwenda hospitali na wafanyabiashara wasiojua Kichina. Profesa akamwuliza huko anafanya nini. Anawafasiria. Akamtaka amweleze maumivu kwa maneno yetu, Fathiya akamtajia ya kuchoma, ya kukata, ya kuvuta, ya kupwita, na ile ya mtu kusema mwili hauna raha, ambayo, anasema, ilimchukua mwezi kupata Kichina chake. Akawasimulia habari ya mzee mmoja aliyetibiwa tumbo siku mbili kumbe ugonjwa ni wa mkojo, aliona haya kumtajia msichana. Tangu hapo akienda na mwanamume mtu mzima anamwandikia maneno ya Kichina kwenye karatasi amwonyeshe daktari kwa kidole, anamwachia, anatoka nje.

Wakamwuliza ameshawasindikiza wangapi. Akasema hajui, hakuhesabu.

Hapo nilishindwa kuvumilia. Hukuhesabu? Mtoto wa mfanyabiashara, umezaliwa kwenye maboksi, hukuhesabu?

Nikamwambia ametupa nafasi ile kwa mikono yake miwili, mikono aliyoiweka nyuma. Nikamwambia kiti cha Darajani kinamsubiri. Nilisema mengi. Aliendelea kukunja mpaka nikamaliza, kisha akasema polepole, "Mama, wangenichukua kwa kile kikombe, ningekaa nao miaka sita nakiogopa."

Nikachukua pasi nikapiga makoti yale meupe, yote sita, ingawa hayakuwa na mikunjo.


Jumamosi, 30 Mei

Hakuna barua. Fathiya amekwenda hospitali na mtu wa Mombasa, jino. Nimemwambia sasa ya nini, mahojiano yamekwisha. Ameniuliza kwani jino limekwisha.

Loyce anapita njia ya nyuma siku hizi.


Alhamisi, 4 Juni

Barua imekuja. Pius ameisoma amesimama.

Mwanangu amepata.

Fathiya akakaa sakafuni pale pale, mgongo kwenye kitanda, akajifunika uso na mtandio. Nilidhani anacheka. Nikakaa naye. Baadaye nikapiga vigelegele mpaka mapokezi wakapiga simu juu kuuliza kama kuna moto. Nikawaambia upo.

Nafasi ya pili amepata msichana wa Kampala, ambaye hakuwa na kikombe. Geofrey amekosa. Barua yake inasema amalizie mwaka mwingine wa lugha na aombe tena, na chini profesa ameongeza kwa mkono wake kwamba kijana ana alama nzuri, aje mwakani na mambo yake mwenyewe.

Pius amekaa kunieleza kilichompa Fathiya nafasi. Ameeleza mara tatu. Jumamosi, anasema. Zile Jumamosi za hospitali, na kusema kweli. Nikamjazia chai nikamwacha aseme, ni mgeni.

Lakini kati yangu na daftari hili. Fomu yake ilikuwa tupu. Bila kile kikombe wangemwuliza nini? Wangemwambia asante, kaa chini. Kikombe ndicho kilichofungua mazungumzo. Na tazama, waliingia mabingwa watano, aliyepita ni nani? Yule ambaye mama yake alinunua dukani, si kwa Loyce.


Jumapili, 7 Juni

Mama Geofrey hajatoka chumbani siku tatu. Shahe hajaenda. Leo nimempikia pilau nikambishia.

Alifungua mlango, macho yamevimba. Nikaweka sahani, nikamkumbatia. Yule mwanamke ni mwembamba kuliko anavyoonekana kwenye suti. Akasema kosa ni lake. Mwanawe alikuwa na mistari minane ya kweli, kuogelea kweli, kinanda kweli, na yeye akaona haitoshi, akaongeza wa tisa. Geofrey alikuwa kwenye kona na kinanda chake, anapiga bila kuwasha umeme, vidole tu. Aliniamkia vizuri kama kawaida.

Nikaona uchungu. Nikasema hapana, huyu mtoto hatapotea mbele yangu.

Nikamwambia Mama Geofrey afute machozi, mimi nimeshaingia ndani ya kichwa cha ile kamati. Tulikosea bidhaa tu. Hawataki mabingwa. Wanataka wagonjwa. Geofrey anahitaji wagonjwa, kila Jumamosi, mwaka mzima, na Kichina chake kinatosha kabisa. Shida ni kwamba wagonjwa wa kweli hawategemeki. Wiki hii wanakuja watatu, wiki ijayo hakuna, na wakija wanamfuata Fathiya. Mtu hawezi kuendesha kitu hivyo. Lazima sisi tuhakikishe mali inapatikana.

Mama Geofrey akaacha kulia. Akaenda kutafuta karatasi.

Tumefanya kazi mpaka adhuhuri. Loyce tumempa tumbo, hana uso wa kukataa. Murshid wa chumba cha chini, anayenunua viatu, mgongo. Mama Geofrey anachukua kichwa, lakini wiki moja ndiyo moja siyo, isionekane ni mama na mwanawe tu. Na kila mgonjwa atahesabiwa na kuandikwa tarehe, safari hii hatufanyi kosa la Fathiya. Geofrey alisema kutoka kule konani kwamba yeye hataki. Mama yake akamwambia ale pilau.

Mimi nimechagua goti.

Jioni nimemwuliza Fathiya goti kwa Kichina linaitwaje. Akauliza kwa nini. Nikamwambia elimu tu. Alinitazama kwa muda mrefu, jinsi profesa yule alivyonitazama kupitia kioo, kisha akanitajia. Nimeliandika kwenye kiganja.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, linaanza kuuma. La kushoto. La kulia nimeliweka akiba ya mwezi wa saba.